Pindua Meza Kwanza: Kuchagua na Kupanga Meza Kongwe ya Sebuleni

Sebuleni hakuna samani inayoguswa kuliko meza ya katikati. Hapo ndipo chai inapotua, mgeni anapoweka simu na funguo, na mtoto wa miezi kumi anapojishikilia kujifunza kusimama. Kabati utalitazama siku nzima bila kuligusa. Meza utaigusa kabla hujamaliza kukaa. Kwa hiyo mtu akiniambia anataka kuingiza kitu kimoja cha kale nyumbani mwake, na fedha alizonazo ni za kitu kimoja tu, namwambia anunue meza hiyo, na anunue iliyo nzima.

Hapo kwenye "nzima" ndipo penye kazi. Meza nilizonunua, nilizokarabati na nilizoitwa na ndugu kuzitazama zimenifunza kwamba uso wa meza haufai kuwa shahidi. Hupigwa msasa na vanishi asubuhi, ikifika alasiri unang'aa. Chini yake hakuna anayehangaika napo, na umri wa meza umekaa huko.

Jua kwanza unatafuta nini

Wauzaji hutaja "ya kale" kwa kila kitu chenye mikwaruzo. Wewe tenganisha mambo mawili. Wafanyabiashara wa kimataifa na forodha za nchi nyingi huita samani ya kale ile iliyofikisha miaka 100. Iliyo chini ya hapo, ya miaka ya 1930 hadi 1970 kwa mfano, ni ya zamani. Ya zamani si ya kudharauliwa, na mara nyingi ni imara kuliko ya kale, lakini bei yake haipaswi kulingana na ya babu yake.

Jambo la pili wengi hawalijui, nalo linaokoa fedha nyingi: meza fupi ya kuweka mbele ya kochi ni kitu kichanga. Katika sebule za Ulaya za karne ya 19, meza ya katikati ilikuwa ndefu, sentimita 70 hadi 75 hivi, mara nyingi ya duara yenye mguu mmoja mnene, na taa ya mafuta ikikaa juu yake ili watu waizunguke kusoma na kushona. Meza fupi tunayoijua leo ilianza kuenea karne ya 19 ikielekea ukingoni, na ikashika kabisa katika karne ya 20. Kwa hiyo ukionyeshwa meza ya Kizungu yenye kimo cha sentimita 45 na kuambiwa ni ya 1850, yapo mawili: ama ilikuwa ndefu ikakatwa miguu, ama si ya 1850.

Kwetu pwani hali ni tofauti. Watu walikaa chini, juu ya mkeka na zulia, wakala kwenye sinia na kuweka mali zao kwenye kasha. Vitu vifupi vya kale kweli vipo, ila havikuzaliwa vikiitwa meza. Ukilijua hilo, unajua pia pa kutafuta.

Pima chumba, si meza

Chukua futi kabla ya kutoka nyumbani na uandike vipimo vinne kwenye simu yako.

Kimo cha kochi kutoka sakafuni hadi juu ya mto wa kukalia, mtu akiwa ameketi. Meza ilingane nacho au ipungue sentimita tatu hadi tano. Kwa makochi mengi inakuja sentimita 40 hadi 45. Ikizidi sana, mgeni anainua kiwiko kila anapochukua kikombe kama anayefikia rafu.

Urefu wa kochi. Thuluthi mbili ya urefu huo ni kipimo kizuri cha meza. Kochi la sentimita 210 linataka meza ya 140 hivi, au mbili ndogo.

Nafasi kati ya kochi na meza: sentimita 40 hadi 45, magoti yapite na mkono ufike. Upande wa njia acha sentimita 75 au zaidi, maana atapita mtu na sinia la pilau.

Cha mwisho ndicho kinachosahauliwa: upana wa mlango, na wa ngazi kama unakaa ghorofani. Kasha kubwa lililojaa misumari ya shaba halikunjiki kwenye kona ya ngazi.

Ukikaa chini kwa magodoro na mito, vipimo hivyo vya kochi havikuhusu. Hapo sentimita 25 hadi 30 zinatosha.

Sasa pindua

Ukiipenda meza, usiulize bei bado. Omba ruhusa, shikaneni watu wawili, mwilaze ubavu juu ya kitambaa, kisha washa tochi ya simu. Muuzaji anayekataa meza yake isipinduliwe ameshakujibu.

Anza na *rangi ya mbao chini*. Mbao iliyokaa miaka mingi bila vanishi hukolea taratibu, ikawa nyeusi zaidi pale hewa na mikono ilipofika, na nyeupe zaidi ndani ya viungo. Ukiona rangi moja iliyolingana kila mahali, hadi ndani ya pembe ambazo mkono haufiki, mtu ameipaka. Lowesha pamba kidogo uipitishe mahali pa siri. Rangi ya kuzeesha mara nyingi hubaki kwenye pamba.

Tazama *skrubu na misumari*. Skrubu yenye kichwa cha msalaba iliingia viwandani miaka ya 1930, kwa hiyo haiwezi kuwa imeishikilia meza tangu 1890. Skrubu zenye ncha kali zilianza kuenea katikati ya karne ya 19. Za kabla ya hapo zilikuwa butu, na mfereji wa kichwa haukukaa katikati sawasawa kwa sababu ulikatwa kwa mkono. Misumari ya mviringo tunayonunua leo ilizagaa mwishoni mwa karne hiyo. Ya awali ilikuwa na mwili bapa wenye pembe. Skrubu moja mpya haiihukumu meza, huenda ilirekebishwa. Zikiwa zote mpya na hakuna tundu la zamani lililoachwa wazi, hapo una jibu.

Kuhusu *alama za msumeno*, niseme jambo ambalo miongozo ya Ulaya haitakuambia. Huko hufundishwa kwamba alama za mistari iliyonyooka, isiyolingana, ni dalili ya mbao kupasuliwa kwa mkono, na kwa hiyo ya umri. Alama za nusu duara ni za msumeno wa mashine wa karne ya 19 na kuendelea. Kwetu wapasuaji wa mbao kwa mkono wamekuwapo misituni hadi enzi zetu hizi. Meza ya mkononi kabisa inaweza kuwa ya mwaka 1985. Alama ya mkono Afrika Mashariki ni uzuri, si ushahidi.

Kama *uso wa meza ni duara*, ipime kipenyo mara mbili: mara moja kufuata nyuzi za mbao, mara ya pili kuzikata. Mbao hunywea kwa upana, kwa urefu karibu hainywei. Duara la mbao nzima lililokaa miaka mingi limeshakuwa yai kidogo, tofauti ya milimita kadhaa, hata sentimita kwa meza kubwa. Ukipata duara kamilifu, ama ni changa ama ni plaiwudi iliyofunikwa kwa mbao nyembamba kama karatasi. Kipimo hiki nakipenda kuliko vyote kwa sababu hakuna anayekumbuka kukighushi.

Vuta *mtoto wa meza*, yaani droo, kama anaye. Pembe zilizoungwa kwa meno yaliyofumbatana, machache na yasiyolingana, ni kazi ya mkono. Meno membamba yaliyopangika kama kitana ni ya mashine. Tazama pia reli anazopitia: droo iliyofunguliwa miaka hamsini huacha njia iliyolika na laini.

Kisha *nyayo za miguu*. Mguu uliokanyaga sakafu miongo mingi umelika kingo, una uchafu ulioingia ndani ya nyuzi, na wakati mwingine una weupe wa maji ya kudekia. Mguu uliokatwa una kingo kali na mbao mbichi. Tazama na umbo: nakshi ya mguu ikikatika ghafla pale ilipotakiwa kumalizikia, meza hiyo ilikuwa ndefu. Meza iliyokatwa unaweza kuinunua ukitaka, inafaa sebuleni vizuri tu, lakini thamani yake ya ukale imekwenda na vipande vya miguu.

Mwisho, *bungua*, na hapa nizungumze kwa uchungu. Nilinunua meza ya mkangazi, nyekundu, yenye miguu ya kukereza, dukani kwa mtu niliyemwamini. Niliyatazama matundu madogo chini yake, akaniambia ni ya zamani, wadudu walishakufa. Wiki ya tatu nikifagia nikaona vumbi laini la rangi ya maziwa, kijilima kama chumvi iliyomwagika, chini ya mguu mmoja. Nikafagia. Kesho yake kikarudi mahali palepale. Nilipomwita fundi akaingiza bisibisi kwenye mguu na ikazama hadi kwenye mpini bila kusukumwa, ndani mulikuwa mmebaki unga. Tokea hapo sinunui neno la mtu. Tundu la zamani ni jeusi ndani na kingo zake zimelainika. Tundu hai lina ndani nyeupe, kingo kali, na ukiigonga mbao kwa ngumi juu ya karatasi nyeusi unga unadondoka. Ukiwa na shaka na bado unaitaka, iweke veranda juu ya karatasi hiyo wiki mbili kabla haijavuka kizingiti. Kinachomo hakitabaki ndani ya meza peke yake, kitahamia kwenye fremu za milango yako.

Mbao zenyewe

Msaji ni mzito kiasi, una mafuta ndani yake, na ukikwaruza mahali pa siri unatoa harufu ya ngozi iliyokaa. Unavumilia unyevu wa pwani kuliko mbao nyingi. Mvule huanza manjano na kuishia kahawia iliyoiva. Mafundi wanaujua kwa vijiwe vigumu vinavyojificha ndani yake na kutafuna meno ya msumeno. Mninga una michirizi ya kahawia na wekundu na hauchezichezi ukikauka, ndiyo maana meza nyingi za mninga za miaka ya sitini bado zimenyooka. Mkongo ni mzito zaidi. Ukiambiwa mbao ni mpingo, ibebe mkononi: mpingo huzama majini kwa uzito, na meza nzima ya mpingo ni nadra. Nyingi "za mpingo" ni mbao nyeupe iliyopakwa kiwi.

Kwa mfuko wa kawaida, ushauri wangu ni meza za ofisi na nyumba za serikali za enzi za ukoloni na miaka ya mwanzo ya uhuru. Hazina mapambo. Ni mbao nzima, ulimi na tundu kwenye kila kiungo. Zinapatikana minadani, kwa wakarabati wa Keko jijini Dar es Salaam, na kwenye nyumba za mashamba ya mkonge na kahawa zinapobadilisha wenyewe. Tafuta herufi na namba zilizopigwa chini. Ukikuta EAR&H, hilo ni shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki lililokuwapo kwa jina hilo kuanzia 1948 hadi 1969, na hapo meza imekuandikia yenyewe cheti cha kuzaliwa. Usiifute alama hiyo hata siku moja.

Kasha

Kasha likiwekwa mbele ya kochi linafanya kazi ya meza kuliko meza nyingi, na ndani linaficha mashuka ya wageni. Makasha yenye misumari ya njumu na mabamba ya shaba tunayoyaita ya Zanzibar mengi yake yalitoka India na Ghuba ya Uajemi, yakiletwa na majahazi yaliyoshuka na kaskazi. Bibi harusi aliingia nalo kwa mumewe na nguo zake, dhahabu na manukato. Baada ya Mapinduzi ya 1964 familia nyingi zilihamia Oman, makasha mengine yakaenda nazo na mengine yakauzwa kwa haraka. Ukifika Muscat utayakuta kwenye kumbi za nyumba, wao wakiyaita mandusi.

Kasha la mwisho nililonunua lilikuwa la mzee mmoja Mji Mkongwe. Nilimsalimia, "Shikamoo babu," akaitikia "Marahaba mwanangu, karibu, kutazama hakulipiwi." Nikamwomba tulitoe nguo na tulilaze. Hakuuliza kwa nini. Alichofanya ni kunivutia kigoda, akaingiza mkono ndani ya kijisanduku cha pembeni kinachokaa juu, upande wa kushoto, akabonyeza ubao mdogo kwa kidole gumba na kuuinua. Chini yake zikatokea droo tatu ndogo, kila moja ya kuingia pete na hati iliyokunjwa. "Wapya hawazitii hizi," akasema, "na wakizitia, hazifungui."

Hicho ndicho kipimo cha kwanza: makasha mazuri ya zamani yana siri, na siri hiyo bado inatembea. Cha pili ni misumari ya shaba. Ya mkono haifanani. Vichwa vingine vimekaa upande, mstari unayumba kidogo. Kwenye makasha mapya vichwa vyote ni pacha. Cha tatu ni sumaku, ambayo naibeba mkobani: shaba haivutwi, chuma kilichopakwa rangi ya shaba kinavutwa. Cha nne ni harufu ya ndani. Kasha kongwe lina harufu yake, na haifanani na harufu ya vanishi.

Angalia mgongo wake na chini. Nyuma ya kasha la kweli huwa hakuna mapambo kwa kuwa lilikaa ukutani. Ukiliweka katikati ya sebule mgongo huo utaonekana, basi uelekeze upande wa kochi. Pima kimo pia. Yenye droo chini mara nyingi yanapita sentimita 50, na hayo yanafaa zaidi chini ya dirisha. Na kifuniko ni kizito. Nyumba yenye watoto, mwambie fundi atie mnyororo mfupi na kizuizi ndani, asitoboe shaba.

Kifuniko cha kasha mara nyingi kina misumari iliyojitokeza, kikombe hakisimami. Weka juu yake sinia bapa au kioo kinene kilichokalia vipira vidogo pembeni ili hewa ipite. Kioo kilicholala moja kwa moja juu ya mbao hufungia unyevu.

Sinia la shaba, mlango na mbao za jahazi

Sinia kubwa la shaba juu ya miguu ya mbao inayokunjwa ni meza ya kale iliyo rahisi kupata na rahisi kuhama nayo. Mengi yametoka India, na mji wa Moradabad umejulikana kwa kazi hiyo kwa vizazi. Sinia zuri ni zito, limechorwa kwa patasi, na ukilipindua unaona mgongo wa michoro ile ukiwa umebonyea au kutokeza. Jaribu miguu kwa kuisukuma kutoka ubavuni. Ikiyumba, kilicholegea ni pini ya katikati, na hiyo hurekebishwa kwa bei ndogo.

Meza za mbao za jahazi ni nzuri na zina hadithi ya bahari kwenye kila tundu la msumari, lakini zinunue ukijua ni mbao kongwe, meza mpya.

Mlango wa nakshi uliolazwa na kuwekewa kioo ni jambo jingine, na hapa nasimama kabisa. Mlango ulichongwa usimame. Aidha kuna sheria. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda milango na fremu zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1940. Kenya, sheria ya makumbusho na turathi ya 2006 inataja kabla ya 1946. Zanzibar ina sheria zake na mamlaka yake ya Mji Mkongwe. Kila mlango unaogeuzwa meza ni nyumba iliyobaki na tundu. Ukipenda nakshi hizo, mafundi wa Zanzibar na Lamu bado wanachonga. Mwagize akuchongee uso wa meza.

Na ukiona meza au kiti kilichopambwa kwa pembe za ndovu, kiache. Biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa 1989, na maelezo kwamba "ni ya zamani" hayatakusaidia uwanja wa ndege.

Bei

Nenda na fundi wako, si na rafiki mwenye pesa. Taja kasoro moja moja kwa sauti ya upole, bila kuitukana meza ya mtu, kisha ondoa kwenye bei gharama ya ukarabati na ya kirikuu. Kiungo kilicholegea ni kazi ya siku moja. Mguu uliobunguliwa, uso uliopinda, au mbao nyembamba ya juu iliyobanduka na kupotea, hizo ni sababu za kuondoka.

Ikishafika nyumbani

Usipige msasa. Nalisema hili nikijua fundi wako atakuja na msasa mkononi. Ule wekundu wa kina na ulaini wa kingo ni mikono ya watu waliotangulia, na ukishausugua hakuna kopo la kuurudisha. Kama ina rangi ya zamani ya mafuta, sababu ni kubwa zaidi: rangi nyingi za zamani zina risasi, na vumbi lake ni sumu kwa watoto.

Futa vumbi, kisha kitambaa kilichokamuliwa vizuri chenye tone la sabuni, kisha kikavu. Halafu jaribu uso wake: gusa mahali pa siri kwa pamba yenye spiriti. Ikinata na kutoa rangi, uso wake ni shelaki, utomvu wa wadudu wa India uliotumika kwenye samani nzuri za zamani. Shelaki huyeyushwa na spiriti, kwa hiyo kitakasa mikono na manukato vikidondoka vitaiacha na doa.

Mafuta ya nazi tusiyatumie. Bibi zetu waliyapaka kwa nia njema, lakini hayakauki kamwe. Yanabaki yananata na kukusanya vumbi. Tumia nta ya nyuki. Ipo safi kutoka Tabora na kwingineko: ipare kama nazi, sehemu moja ya nta kwa tatu za tapentaini, funga kwenye chupa ya kioo usiku kucha mpaka iwe malai. Usiipashe jikoni, tapentaini inashika moto. Paka kidogo, subiri nusu saa, sugua kwa kitambaa cha pamba. Na ukitumia mafuta ya kitani, vitambaa ulivyotumia vitandaze nje vikauke, usivifinyange kwenye ndoo. Vikirundikwa hupata joto vyenyewe na kuwaka.

Duara jeupe lililoachwa na kikombe limo ndani ya vanishi tu. Sugua majivu laini yaliyochanganywa na mafuta kidogo, kwa kidole, taratibu. Duara jeusi limeshaingia kwenye mbao. Mwachie fundi anayejua dawa, au liache.

Sinia la shaba lisugue kwa ukwaju au ndimu na chumvi, suuza, kausha mara moja. Shaba iliyopigiliwa kwenye kasha usiitie chumvi wala ndimu, kwa sababu maji hayo huingia chini ya bamba na kula mbao. Kitambaa kikavu kinatosha. Mimi huacha weusi kwenye mifereji ya nakshi na kung'arisha vichwa vya misumari tu, hapo michoro inasomeka.

Kuipanga

Meza kongwe inataka nafasi ya kupumua. Ondoa kitambaa cha kufuma kinachofunika uso mzima. Kama ni kazi ya mama na unakipenda, kiweke kimoja kidogo katikati, mbao ionekane pande zote. Zulia lililo chini yake liwe kubwa kiasi cha kuingia chini ya miguu ya mbele ya makochi, la sivyo meza inaelea.

Mambo ya juu yake yatoke kwenye maisha ya nyumba hiyo. Kwangu hukaa sinia dogo lenye mdila wa kahawa na finjani nne, mrashi, na bakuli la asumini jioni. Chetezo kinakaa juu ya sahani ya udongo yenye mchanga, kamwe si juu ya mbao: nta huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64, na kaa la udi ni moto kuliko hapo mara kadhaa. Nusu ya meza huwa tupu. Mgeni lazima apate pa kuweka sahani ya kashata bila kuhamisha kitu.

Msahafu usikae kwenye meza fupi ambayo miguu ya watu inanyooshwa kuielekea. Una marufaa yake na mahali pake pa juu.

Kama makochi yako ni ya kisasa, ya kijivu na yaliyonyooka, usihangaike kutafuta mapya "yanayoendana". Meza moja nyeusi ya mvule katikati yake inasimama vizuri. Kinachoharibu ni vitu vya kale vitano kwenye chumba kimoja, vikigombea macho. Iepushe na upepo wa moja kwa moja wa kiyoyozi, unaoipasua, na jua la dirishani, linaloipausha upande mmoja. Meza iliyotoka nyanda kavu kuja pwani iache chumba chenye hewa wiki kadhaa kabla hujamwita fundi. Droo iliyokaza inaweza kuwa imevimba tu, na ukimruhusu airande, itakuja kuchezacheza kiangazi.

Kisha, kila mwaka kaskazi inapokwisha, kabla ya masika kushika, ipindue tena. Tafuta unga mpya chini ya matundu, kaza kiungo kilicholegea, pitisha nta nyembamba hata chini ambako hakuna anayeona. Ni kazi ya nusu saa na watu wawili, mmoja wa kushika na mwingine wa kumulika tochi.